Kapu la Kuhani

Siku hizi simu ikikaribia mlango wa matanga, kifaa cha mlangoni hulitaja jina la mwenyewe, naye huhesabiwa amehani. Bi Mwanakheri, aliyefiwa na mume juzi, alishachoka kuketi mkekani akiitikia majina matupu.

Adhuhuri jirani yake Mashavu akaingia na kapu limejaa simu. "Pole, shoga. Mtaa mzima umekuja."

Kifaa kikaanza: "Amekuja Salama. Amekuja Hamadi. Amekuja Idarusi."

Idarusi! Mwanawe wa pekee. Bi Mwanakheri akakurupuka, akachungulia nyuma ya Mashavu, mpaka barabarani.

"Aliniachia simu asubuhi," Mashavu akasema taratibu, akilihamishia kapu mkono wa pili. "Alikuwa na haraka."

Bi Mwanakheri akarudi mkekani.

"Nimeshapoa," akaliambia kapu.