Kitabu cha Kujengea Merikebu

Fundi alikigeuza kitabu juu chini, akakigeuza tena. Herufi zilikuwa zilezile, siafu waliojipanga mstari, na hakuna hata mmoja aliyemwambia kitu.

Kesho saa nne mkubwa wa bandari angekuja kuchukua merikebu yake ndogo ya mbao, pambo la mezani kwake. Ikikosekana kamba na matanga, fundi afungashe virago atoke kwenye chumba alichopewa na ofisi ya bandari.

"Msiba umeisha, mzee," mkubwa alimwambia. "Kazi haina matanga."

Wangejuaje wakubwa hawa? Waliomwacha mke wa fundi kwenye benchi la hospitali toka asubuhi hadi akakata roho, nao walikuwa na vyeo vyao.

Shule fundi aliisikia tu. Merikebu kumi na moja alizijenga marehemu akimsomea kitabu hicho, kidole juu ya mchoro, neno kwa neno. Hii ya kumi na mbili ilisimama na milingoti mitatu mitupu, na sauti hakuna.

Akakikumbatia kitabu, akakimbia hadi kwa mwalimu wa darasa la watu wazima, nyumba ya nne.

"Nisomee hapa, mwanangu. Nimekwisha."

Mwalimu akavaa miwani. "'Kamba ya mlingoti wa mbele iwe na unene wa milimita moja...'"

"Aa, siyo hivyo! Hiki hakina mambo ya milimita. Kinasema kama mtu: 'Vuta kamba kama unamsuka mtoto, akilia, umezidisha.' Soma vizuri bwana!"

"Nasoma kilichoandikwa, baba."

"Basi na wewe ualimu wamekupa kwa kujuana!"

Akafunua kurasa za mwanzo, zile alizokwisha kuzijenga mara kumi na moja. Mwalimu akasoma. Milimita tena.

"Na tanga je? 'Likunje kama shuka la mgonjwa, pembe kwa pembe.' Halimo?"

"Halimo."

"Usinifanyie hivi, mwanangu. Mke wangu amekisoma miaka ishirini. Wewe mwenyewe unamjua, kila Jumanne alikuja hapa kukusaidia kufundisha."

"Kunisaidia?" Mwalimu akavua miwani, akakifunga kitabu polepole. "Baba, mama alikuwa akikaa pale mbele na wanafunzi wenzake. Hadi anaanza kuugua, tulikuwa tumefika kwenye herufi M."