Jibu Lililokatwa

Ukumbi ulijaa majirani waliokuja kutazama filamu fupi kuhusu Mishi, mfinyanzi wa majiko. Mwenyewe alikaa mbele na mama mkwe wake, Bi Mwanasiti, akiona haya kujiona mkubwa vile ukutani.

Katika filamu, mtengenezaji alimwuliza, "Na mumeo yuko wapi?"

Mishi alilikumbuka swali hilo. Siku ile alichelewa kujibu kwa sababu alikuwa na muhogo wa moto mdomoni. Alipoumeza alisema, "Yuko machimboni, atarudi Idi," akacheka.

Lakini ukutani hakucheka. Kimya chake kilivutwa kikawa kirefu, mikono yake ikapunguzwa kasi juu ya udongo, fidla ikaanza kulia, kisha picha ikafifia mpaka giza.

Bi Mwanasiti akapiga yowe. "Kumbe mwanangu kafa, mkanificha!"

"Mama, yu hai! Nilikuwa natafuna!" Mishi alimshika mabega, lakini wanawake nyuma yao walikwisha kujitanda khanga na kuanza kulia.

Akamgeukia mtengenezaji, aliyesimama kando ya ukuta. "Jibu langu umelipeleka wapi?"

"Nililikata, dada," alisema yule bwana. "Kicheko kilikuwa kinaharibu huzuni."

Bi Mwanasiti hakutaka maelezo. "Mpigie. Nataka nimsikie."

Mishi akapiga simu, akafungua spika. Fidla ikazimwa. Ukumbi mzima ukasikiliza simu ikiita, ikiita, huko machimboni.