Tone la Pole

Katika mji wetu wa chini ya ardhi, kila mtu hupewa tone moja la vitamini D kwa siku, badala ya jua. Bi Mwanakheri alipolalamikia uchovu, majirani walikuja kumpa pole, na kila siku kila mmoja akimdondoshea tone lake kwenye chai. Angekataaje? Kukataa pole ni kumtukana mtu.

Baada ya miezi kadhaa akawa anatapika, ana kiu isiyokatika.

"Matone yamezidi, mama, yataua figo," alisema muuguzi Tunu. "Uchovu una sababu nyingine. Tutaitafuta."

"Nitawaambiaje? Wamejinyima kwa ajili yangu."

Siku hizi wakimuuliza hali, hujibu, "Sijambo kabisa, kunyweni matone yenu," huku ameshika ukuta asianguke.