Gauni Zima

Mwanasaikolojia mwenye leseni alikuwa mmoja tu mjini, na chumba chake kilitumia baraza moja na fundi cherehani. Ndiyo maana waliokwenda kwake walibeba nguo ya kushonwa, wapita njia wasije wakauliza. Tunu, ambaye tangu amzike mwanawe hakupata usingizi, alibeba gauni lisilochanika popote.

"Keti, dada. Utaitwa sasa hivi," fundi alinong'ona, akaliweka gauni chini ya sindano.

Mara wifi yake Tunu, Mwanahawa, akatokea na kikapu cha sokoni.

"Wifi, peke yako kwa fundi kama huna ndugu? Sogea, tusubiri wote."

"Litachukua muda, mama," fundi alisema.

"Sina haraka. Mradi hatuko pale kwa wendawazimu." Mwanahawa alicheka, akiuonyesha kwa kidevu mlango wa pili.

Mlango huo ukafunguliwa. "Anayefuata, karibu," sauti ya upole ilisema.

Cherehani ikanyamaza. Tunu aliinuka.

"Silali, wifi," alisema, akaingia.

Mwanahawa alilichukua gauni, akawa analigeuzageuza mapajani, akitafuta palipochanika.