Kozi ya Mke Mpya

Mume wake alikuwa amejifungia ndani ya kabati la nguo, akimwita mtu mpenzi.

"Washa kiberiti kwanza, mpenzi, ndipo ufungue gesi," alisema, na makoti yakaimeza nusu ya sauti. Akakohoa. "Narudia. Washa kiberiti kwanza..."

Mke alisimama nje na kikapu cha nguo alizoanua, pumzi kaibana. Kabati halikumshangaza. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha mumewe kwamba nguo zinaua mwangwi, na kwamba asiye na studio kabati linamtosha. Kutengeneza masomo ya video ndiyo kazi yake miaka nenda miaka rudi. Sauti yake imewafundisha watu wazima na akili zao kuendesha mashine, kupokea wateja, kuzima moto. Kilichomchoma ni hilo neno mpenzi. Katika kozi zote alizowahi kutengeneza, hakuna mwanafunzi aliyeitwa mpenzi.

Mlango wa kabati ulipofunguka alikuwa keshajishika kiuno. "Unamrekodia nani?"

Mume akatoka anatiririka jasho, maiki mkononi. "Kazi tu, mke wangu."

"Kazi gani? Wewe si fundi friji?"

Jamaa akatabasamu lile tabasamu lake la siku hizi, la upole uliopitiliza, akakumbatia kompyuta na kwenda zake sebuleni. Zamani wangegombana vizuri tu, wakanuniana, wakapatana. Sasa kila akiulizwa ni upole, na upole wenyewe ulimtia mashaka kuliko matusi.

Na ushahidi ulikuwepo, tena tele. Nyumba ilikuwa na mkono wa mtu mwingine. Sukari aliikuta ndani ya friji. Sufuria yake nzuri ilikuwa imeungua kitako, na yeye hakuiunguza. Droo za jikoni zilibandikwa vikaratasi: VIJIKO. VISU. DAWA. Yeye ameishi humo tangu siku ya harusi, vijiko anavijua hata akifumba macho. Vikaratasi ni vya nani kama si vya mgeni?

Alimpigia simu wifi yake, maana yule hajui kuficha jambo.

"Wifi, usinizungushe. Kaka yako anaoa?"

"Jamani, wifi," sauti ikasema, na machozi yalikuwa karibu. "Si tuliyamaliza haya?"

"Tuliyamaliza lini? Mimi na nani?"

"Nakuja. Tulia hapo hapo, nakuja."

Akakata simu. Haya! Kumbe ukoo mzima unajua, yeye tu ndiye kafanywa mjinga. Roho ilimuuma.

Akavizia mume aingie bafuni. Maji yalipoanza kumwagika, akaifungua kompyuta, nayo ikadai neno la siri. Akajaribu siku ya kuzaliwa ya mume, ikakataa. Akajaribu jina la binti yao, ikakataa. Kisha vidole vikaandika vyenyewe lile neno analolitumia yeye ofisini, na kompyuta ikamkubalia. Lo! Mtu kamwibia hata neno lake la siri.

Kozi ilikuwa hapo hapo mbele, wala haikujificha. Jiko. Dawa za asubuhi. Njia ya kwenda shuleni na kurudi. Kusuka nywele za mtoto.

Hapo kwenye nywele akaacha kusoma. Jiko amwachie, sufuria amwachie, na huyo mwanamume mwenyewe, kama ni hivyo, amchukue. Lakini kichwa cha binti yake kishikwe na mwanamke wa kuletwa? Thubutu! Mtoto huyo ndiye kila kitu alichobaki nacho.

Pembeni pa kila somo palikuwa na matokeo ya mwanafunzi. Kafeli maswali, karudia, kafeli tena. Mke akacheka kwa uchungu. "Kumbe hata kichwa hana!"

Akafungua somo la nywele. Ilionekana mikono tu, imepigwa kutoka juu, na kichwa cha binti kimetulia katikati. Akili yake ya kazi, isiyojua wakati wa kunyamaza, ikaanza kukagua. Video moja, kitendo kimoja. Mshale wa njano badala ya mwekundu, kwa kuwa mwekundu humtisha anayeanza. Kimya kidogo kabla ya kila hatua, ili mwanafunzi asiachwe nyuma. Fundi friji hawezi kazi hii. Hii ni kazi ya mtu wa fani, tena mtu safi. Basi mwanamke huyo anatoka ofisini kwake, mtu aliyekaa naye meza moja, na ndiyo maana likizo aliyopewa bila kuomba haiishi!

Maji yalinyamaza. Mume akatokea mlangoni na taulo, akaona kompyuta iko wazi. Hakuruka wala hakuinyakua.

"Umeipata," alisema.

"Nataka kumwona sura."

"Umeanzia katikati. Rudi mwanzo, fungua utangulizi."

"Yumo?"

"Yumo."

Akabonyeza, meno kayauma, matusi yote kayapanga ulimini. Kioo cha kompyuta kikajaa uso mmoja unaomtazama moja kwa moja, na uso huo ulikuwa wake mwenyewe.

"Hujambo, mpenzi," ukasema kwa sauti yake. "Najua umekasirika, kila ukifungua hapa huwa umekasirika. Hakuna mke mwingine. Masomo haya nimekutengenezea mimi wakati bado nakumbuka, na yaliyobaki atayamalizia mume wetu. Vuta kiti, tuanze tena na jiko."