Orodha ya Kufuli

Bao la tano hakuliona kabisa. Alisikia wavu ukitikisika nyuma yake, ndipo akajirusha, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Golikipa anaruka bao likiwa limeshaingia, nani asicheke? Lakini Kufuli, jina alilopewa na wenzake wa timu ya chuo mwaka ule alipokuwa hapitishi kitu, alibaki kifudifudi kwenye nyasi.

Macho yalikuwa yanamwacha. Kwanza ulipotea ubao wa darasani, zikafuata namba za jezi, na sasa hata maandishi ya kitabuni yalikuwa ukungu mtupu. Mihadhara aliirekodi kwenye simu akaisikiliza kitandani. Hakumwambia mtu, hata mama yake. Nafasi ya golini ndiyo iliyompa ufadhili na kitanda bwenini. Akiipoteza, anafunga begi anarudi nyumbani, na masomo ndiyo basi tena.

Baada ya kipigo kile cha tano bila, kocha hakusemezeka wiki nzima. Siku ya Ijumaa aliwakalisha chini akasema kuna mchezaji anamficha jambo, na akimjua, mchezaji huyo atavua jezi siku hiyo hiyo. Kufuli aliinama akajifanya anafunga kamba za viatu, ambazo zilikuwa zimefungwa.

Jumamosi wakarudi uwanjani, na kwa kweli timu ilionekana kama imeingiwa na wazimu. Nahodha, mwanafunzi wa hesabu asiyeamini mikosi wala bahati, alimng'ang'ania mwamuzi watumie mpira wa rangi ya chungwa, eti ule mweupe una nuksi. Mwamuzi alibisha mpaka akachoka, akakubali.

Beki wa kati naye ndiyo usiseme. Walimwita Kimya kwa sababu angeweza kumaliza mlo mzima bila kutoa neno. Siku hiyo alianza kupayuka tangu dakika ya kwanza. Kulia kwako. Chini. Toka. Baki. Watazamaji wakasema leo kijana kameza redio. Kufuli alimhurumia, akajua ni woga tu wa kufungwa tena, maana woga kila mtu unamtokea kivyake. Hata hivyo masikio yake yalishukuru. Aliifuata ile sauti, akakutana na mpira mara tatu, mara nne, na watu wakaanza kumpigia makofi.

Kipindi cha pili wakapata bao, la goti, la kubahatisha. Zikabaki dakika za kuhesabu.

Dakika ya mwisho wapinzani wakapewa mpira wa adhabu, mbali kidogo na boksi. Hapo Kufuli aliogopa kuliko siku zote za maisha yake. Mipira ya mbali ndiyo iliyommaliza wiki iliyopita. Aliona rangi zikitembeatembea mbele yake, basi. Alijisemea sasa naumbuka, mchana kweupe, mbele ya chuo kizima.

Nahodha alipanga ukuta wa watu sita. Kocha alipiga kelele kutoka kwenye benchi kwamba wanne wanatosha, wengine warudi wakabe watu. Hakuna aliyesogea. Mpira ulipigwa, kikalia kitu kama mlango unaobamizwa, na nahodha akaanguka damu zikimtoka puani. Hakuwa amekwepesha kichwa hata kidogo. Filimbi ya mwisho ikalia. Moja bila.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo, kocha hakushangilia. Alisimama kando ya makabati, mikono kifuani, akimtazama golikipa wake.

"Kufuli. Ule mpira wa adhabu ungeenda upande gani?"

"Kushoto kwangu, kocha."

Alibahatisha. Kocha aliguna, akatoa karatasi mfukoni akampa.

Timu hii ilikuwa na desturi yake. Baada ya kushinda, golikipa husoma kikosi cha mechi inayofuata, na kila anayetajwa huitika. Kufuli aliipokea karatasi kwa vidole vya baridi, ila hofu ilimpungua kidogo. Kocha aliandika kwa penseli hafifu, na kwake karatasi zile zilikuwa nyeupe tangu miezi mingi iliyopita. Haikuwa shida. Wachezaji wa akiba walikuwa wawili tu, wote wagonjwa, kwa hiyo kikosi kilikuwa kile kile msimu mzima, na alikijua kwa moyo kama namba ya simu ya mama yake. Aliinua karatasi usawa wa uso, akaachia macho yatembee taratibu kutoka kushoto kwenda kulia.

"Kufuli. Nipo," alianza na jina lake.

Kisha akamtaja Kimya, aliyekuwa amesimama naye bega kwa bega. Kimya alichungulia ile karatasi.

"Nipo," Kimya akasema, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Baada ya hapo majina yakaenda yenyewe. Nipo. Nipo. Nahodha aliitika kwa sauti ya puani, pamba zikiwa zimejaa damu. Wa kumi na mmoja alipoitika, Kufuli aliiweka karatasi kwenye benchi, akachukua taulo, akaenda kuoga. Ameponea chupuchupu. Walimsikia akifungua maji na kuimba, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa wiki nyingi.

Kocha aliiokota ile karatasi, akaigeuza upande huu, akaigeuza upande ule. Hakuwa ameandika hata jina moja.

Akainua macho, akawatazama mmoja mmoja wale kumi walioitika.