Anayenyamaza Ameridhia

Tangu wahusika wa riwaya wapewe haki ya kuulizwa kabla ukurasa wao haujachapwa, Bi Mwanahawa, mtunzi wa riwaya za vijana, hakuwa na raha nyumbani kwake Tanga. Sheria yenyewe ilifuata desturi ya posa: anayenyamaza ameridhia. Lakini Salha, msichana wa riwaya yake mpya, hakuumbwa na kimya. Alimvamia kupitia spika iliyowekwa juu ya friji, Bi Mwanahawa akikuna nazi.

"Shikamoo, mama. Ukurasa huu siutaki. Hemedi ni rafiki yangu tu, mapenzi ya nini tena?"

"Marahaba. Wasomaji wanataka mapenzi, mwanangu. Urafiki mtupu unawatia usingizi."

"Basi wape ya kwako."

"Yangu yalikwisha nilipofiwa na mume."

Salha akacheka. "Nami nimetunga kidogo, mama. Sikiliza ukurasa wako, maana sheria ni msumeno."

Akausoma. Mjane mmoja wa Tanga hula peke yake, lakini leo anakuna nazi ya watu wawili, kwa sababu Mzee Kibwana wa ghorofa ya juu amesifu wali wake. Kabla nazi haijachujwa, mzee huyo anapiga hodi mlangoni.

"Unaridhia, mama?"

Bi Mwanahawa alifungua kinywa aseme huyo ni jirani tu. Macho yake yakaangukia vifuu vya nazi ya pili, vitupu, kando ya mbuzi ya kukunia. Akanyamaza.

"Haya," ikasema spika kwa upole.

Mlangoni pakapigwa hodi.